Isiukhu, Nyahururu au Hell's Gate: uende gani ukiwa na siku moja tu?

Mvua ikianza tu kunyesha vizuri na watu waanze kupost picha wamesimama mbele ya maji, swali linarudi palepale: ni wapi mtu anaweza kwenda siku moja, atembee kidogo tu kwa bonde lenye baridi na mawe yenye ule ujani wa kuteleza, afike kwa maporomoko yaliyojificha, yaani huyaoni mpaka uyafikie, halafu jioni arudi kwake akule ugali kama watu wengine. Na majibu huwa ni yaleyale. Mmoja anakwambia Nyahururu kwa sababu maji yake ni mita 74. Mwingine Hell's Gate kwa sababu ya baiskeli. Mwingine anatuma picha ya maporomoko ya Makalia na hata hakutembea, aligeuza tu gari akashuka.

Sasa hizo sehemu zote nimezienda, zingine zaidi ya mara moja na watu tofauti tofauti, na ukweli ni kwamba kile kitu watu wanaulizia kina vitu vitatu ndani yake: korongo lenye kuta, ujani wa maji kwa mawe na miti, na maporomoko yaliyofichika. Kwa hizi za huku kwetu Kenya, magharibi na Bonde la Ufa, hakuna moja yenye vyote vitatu. Kwa hivyo lazima uamue ni gani unaweza kuachilia. Mimi ushauri wangu ni usichague kwa urefu wa maji, chagua kwa njia, kwa sababu njia ndio utakuwa ndani yake saa nzima au mbili, hayo maji utayaangalia dakika ishirini, mpige picha, mtu mmoja aseme ana njaa, basi mmeanza kurudi.

Tuanze na ya upande wa Kisumu kwa sababu ndio huwa inasahaulika.

Isiukhu, ndani ya msitu wa Kakamega

Kwanza jua msitu wa Kakamega una pande mbili na zinasimamiwa tofauti. Upande wa kaskazini ni Buyangu, hiyo ni ya KWS, shirika la wanyamapori, ndio hifadhi ya taifa iliyotengwa 1985. Upande wa kusini ni Isecheno, hiyo iko chini ya KFS, shirika la misitu, unaingilia Khayega au Shinyalu. Mto Isiukhu unapita upande wa kaskazini, na maporomoko yake ukiyaendea kutoka Buyangu ni matembezi mafupi kando ya mto, lakini ukisema utaanzia Isecheno hiyo ni safari nyingine kabisa, nusu siku na zaidi, miguu itakwambia. Watu wengi wanachanganya hapa. Wanasoma mahali kwamba ni "karibu", wanashukia Khayega, halafu wanashangaa mbona wanatembea tu.

Kutoka Kisumu unapanda matatu ya Kakamega, hiyo barabara ya Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, ni kama kilomita 50. Ukikaa dirisha la kulia au kushoto sitakwambia, lakini pale Ilesi kabla uingie Kakamega angalia lile jiwe linalolia (Crying Stone), limebeba jiwe lingine kichwani na maji yanatiririka chini kama machozi, lipo tu hapo kando ya barabara watu wanapita kila siku. Ukifika Kakamega unatafuta gari la kuelekea Webuye, unaambia makanga akushushe Buyangu, ni kama kilomita 20 hivi, halafu kutoka barabarani mpaka getini unaweza chukua boda ama utembee.

Malipo ni kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, KWS hawachukui pesa mkononi. Hii nasema kwa herufi kubwa kama ingewezekana: lipa ukiwa bado Kakamega mjini na netiweki yako ni poa. Ukingoja mpaka uwe chini ya hiyo miti utakuwa unainua simu juu kama unaomba mvua, na mvua hapo haihitaji kuombwa.

Sasa njia yenyewe. Si korongo, nisikudanganye. Hakuna zile kuta za mawe pande zote mbili. Ni bonde la mto, lakini miti imefunga juu mpaka saa tano asubuhi kuna giza giza fulani hivi la kijani, na kila kitu kimeota juu ya kitu kingine, mizizi imevaa ujani, mashina yamevaa ujani, mti ulioanguka juzi tayari umeshavaa, na kuna yale mangaga (fern) makubwa makubwa na mimea ya kutambaa imening'inia. Huu ni msitu wa aina ile ya Kongo na Uganda, ndio kipande kilichobaki upande wetu, kwa hivyo hata wadudu na vipepeo hapo si wale umezoea. Utaona mbega na kima bila kutafuta sana. Hondohondo utawasikia kabla uwaone kwa sababu mabawa yao yana kelele. Na kuna yule ndege mkubwa wa bluu mwenye mkia mrefu na kishungi cheusi, huyo ukimpata siku yako imelipwa, nimewahi kuwa na rafiki ambaye hajali ndege hata kidogo na alisimama mdomo wazi.

Maporomoko sasa. Ni madogo. Narudia, ni madogo, ukienda na picha ya Nyahururu kichwani utafika uulize "ni haya?" na mwenye amekuleta ataaibika. Ni maji ya mto yanashuka kwa mawe, yana kelele nzuri, yana povu, ukungu kidogo, na yamezungukwa na miti pande zote, hakuna ua wa chuma, hakuna duka la shanga, hakuna mtu anakuuzia picha. Mara nyingi mnakuwa nyinyi tu. Kwa upande wa kujificha hapa hakuna mshindani.

Tatizo la Kakamega ni mvua. Kwa mwaka hapo inanyesha karibu milimita 2000, na tabia yake ni ya mchana, asubuhi jua safi, halafu unyevu wa kutoka Ziwa Victoria unapanda, mawingu yanajikusanya, saa nane saa tisa radi. Karibu kila siku kwa msimu wa Aprili na Mei. Kwa hivyo ukitoka Kisumu saa nne ukisema "ni karibu" umeshapanga kunyeshewa. Toka saa kumi na mbili. Ukiwa umeingia msituni saa tatu, saa sita umeshatoka, mvua ikupate hotelini Kakamega ukiwa na sahani ya ingokho, yaani kuku, na ugali wa brauni, hapo hata inyeshe mpaka kesho. Msimu mkavu kiasi ni Desemba mpaka Februari, njia inakuwa nzuri lakini maji yanapungua na ule ujani unafifia, kwa hivyo mimi binafsi napenda Juni ama Novemba ile ya mwanzo, njia ina matope lakini msitu uko hai.

Chukua mwongozaji. Si kwa sababu utapotea (ingawa njia zinagawanyika na utapotea), ni kwa sababu bila yeye utatembea kwa miti, na ukiwa naye utatembea kwa msitu. Wale vijana na wazee wa hapo wanajua kila mti unatibu nini na nani huishi juu yake. Na wana adabu ile ya kwao, atakwambia "Mama, tupumzike kidogo hapa" wakati anaona ni wewe umechoka si yeye. Akikwambia "Kaka, mvua iko njiani, turudi," usianze kumuonyesha programu ya hali ya hewa kwa simu. Rudi.

Nyahururu

Hii ni ya mtu wa Nakuru. Kiserikali iko Laikipia lakini kutoka Nakuru ni kama kilomita 65 tu kupitia Subukia, na hiyo barabara ya Subukia peke yake ni safari, unapanda unazunguka bonde likiwa chini yako, waumini wanashukia pale kwa madhabahu ya Bikira Maria, wewe unaendelea mpaka baridi ianze kukushika masikio. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Beba sweta hata kama Nakuru umeacha jua.

Maporomoko hapa ni ya Ewaso Narok, mita 74 wima, bila mchezo. Hayahitaji kutetewa. Ukisimama pale juu kwa ua unaona maji yote yakienda chini kwa mpigo mmoja na ukungu unarudi juu, na huo ukungu ndio umefanya kuta zote za korongo kuwa kijani mwaka mzima, hata wakati Laikipia yote imekauka na ng'ombe wanahama. Kwa hiyo kuta zipo, ujani upo, maji yapo kwa wingi. Kile hakipo ni kujificha. Unashuka gari, unalipa kiingilio, hatua chache, maji ndio hayo. Kuna maduka ya vinyago na shanga, kuna mtu ana kinyonga kwa kijiti anataka upige naye picha, kuna watu wamevaa ngozi na rangi usoni wa kupigwa nao picha pia kwa bei, na Jumapili mchana kuna mabasi ya shule na harusi mbili tatu. Kuna watu wanapenda hivyo na sioni ubaya, mama yangu alifurahia kinyonga kuliko maji.

Lakini kuna kitu wengi hawafanyi, na ndio maana naiweka kwa hii orodha: kushuka chini. Kuna njia ya ngazi inateremka mpaka sakafu ya korongo, na kelele ya juu yote inaisha, unabaki na sauti ya maji tu. Zile ngazi za juu ni sawa, za chini ni mawe, udongo, na mizizi, na zote zimelowa kwa sababu ukungu unarushwa hapo usiku na mchana. Inateleza kweli. Hapa ndio unapata ile kitu ya korongo lenye ujani, mawe makubwa yamevikwa kabisa, nywele zinalowa bila mvua, na ukiinua macho maji yanakuja kutoka mbinguni. Ukiwa chini hivyo hata harusi za huko juu unazisahau.

Kushuka ni nusu saa hivi ukienda pole. Kupanda sasa. Wewe umetoka Kisumu au Mombasa, mita 2,300 hazikujui, utasimama kila kona ujifanye unaangalia mandhari. Hata hivyo usione aibu, huu ni mji wa wakimbiaji, Samuel Wanjiru aliyeshinda marathoni ya Olimpiki 2008 alikuwa wa huku, na utapata kijana wa kidato cha pili anapanda hizo ngazi akikimbia akienda kufanya mazoezi na hata hahemi.

Pale juu kwa ngazi utapata vijana wa kukupeleka. Mkubaliane bei kabla ya hatua ya kwanza, kwa heshima na kwa uwazi, "kijana wangu, ni pesa ngapi, kwenda na kurudi, sisi wote," umalize hapo. Ukiulizia bei ukiwa chini korongoni hiyo si bei tena. Kwa mtu mwenye mzee wa magoti mabovu ama mtoto mchanga, acheni kushuka, kaeni juu, hotelini pale kando kuna nyasi na chai na maporomoko unayaona bila kuteseka. Hiyo hoteli ni ya tangu enzi za wakoloni, ina ule ubao na mahali pa moto.

Halafu ukitaka kitu cha ziada, juu ya mto kidogo kabla ya maporomoko kuna dimbwi la viboko. Viboko kwa baridi hiyo! Ni matembezi mafupi, na yana utulivu kuliko kule kwa ua.

Maji hupungua Januari mpaka Machi, bado ni mazuri lakini si yale ya kalenda. Aprili na Mei ni mengi mno mpaka kushuka chini ni kulowa na huoni kitu ukungu tu. Mimi ningeenda Juni, ama Agosti kama hujali baridi.

Hell's Gate, ile Ol Njorowa

Hii iko kaunti ya Nakuru yenyewe, Naivasha, na ndio watu wa Nakuru na Nairobi wanataja kwanza wakisikia neno korongo. Na kwa upande wa korongo wako sawa kabisa. Ol Njorowa ndio korongo halisi kati ya hizi zote, kuta zimekaribiana mpaka sehemu zingine unazigusa zote mbili ukinyoosha mikono, mwamba umechongwa mawimbi mawimbi na maji ya zamani. Wanajiolojia wanasema Ziwa Naivasha lilipokuwa juu sana kuliko sasa lilikuwa linamwaga maji yake upande huu, na hayo maji ndio yalichonga. Mwamba wenyewe ni wa majivu ya volkeno, laini, ndio maana umeliwa hivyo.

Lakini maporomoko? Hakuna maporomoko ya kuita maporomoko. Kuna maji ya moto yanatoka kwa ukuta, yanachuruzika, mengine unaweka mkono unautoa haraka. Ni ya ajabu, ni mvuke wa Olkaria ileile ambako umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa 1981, na ukiwa unaendesha baiskeli unaona yale mabomba makubwa yamepindwa juu kama milango ili twiga wapite chini. Ujani upo kidogo kidogo mahali maji yanapita, kwingine ni vumbi na mwamba wa kahawia. Kama roho yako ilikuwa inataka mossi, baridi, na kelele ya maji, hapa hutaipata, utapata jua, pundamilia, na matako yanayouma kwa sababu ya kiti cha baiskeli.

Na kuna jambo ambalo lazima lisemwe kabla mtu hajalipa. Hili korongo limeua watu. Aprili 2012 vijana saba wa kanisa walisombwa na mafuriko ya ghafla ndani yake, na Septemba 2019 watu saba tena, wageni pamoja na mwongozaji wao. Mara zote mbili ni kitu kilekile: mvua inanyesha juu kwa vilima, si lazima inyeshe ulipo wewe, maji yote ya eneo kubwa yanakusanyika kwa mfereji mwembamba, na wewe uko chini ya mfereji. Juu yako unaweza kuona anga ya bluu kabisa. Ukisikia mngurumo umeshachelewa. Baada ya 2019 korongo lilifungwa, na tangu hapo kufunguliwa na kufungwa kunategemea hali, kwa hivyo siku unayoenda uliza getini kama watu wanashuka au la, na wakikwambia leo hapana usitafute kijana wa kukupitisha kwa njia ya nyuma. Endesha baiskeli, panda kidogo pale kwa lile jiwe refu la Fischer's Tower, nenda zako Naivasha ukakule samaki.

Kutoka geti la Elsa mpaka korongo lenyewe ni kilomita saba nane hivi, kwa baiskeli ni raha, kwa mguu ni mbali na nyati wapo. Kwa hivyo hata kama matembezi ya ndani ya korongo ni mafupi, siku yote si fupi. Hesabu hiyo.

Kitu kidogo cha pembeni: lile jiwe la Fischer limepewa jina la Mjerumani Gustav Fischer, na maporomoko ya Nyahururu yana jina la Mskoti Joseph Thomson, na wote wawili walikuwa wanapita huku mwaka mmoja, 1883, kila mmoja anatafuta njia ya kupita nchi ya Wamaasai. Fischer alirudishwa akiwa Naivasha. Thomson akaendelea. Mmoja akaachiwa jiwe kavu mwingine akapata maji, na hao wote walikuta wenyeji wameshayaona hayo yote zamani.

Zile zingine mtu hukutajia

Makalia, ndani ya paki ya Ziwa Nakuru, upande wa kusini kabisa. Ni nzuri, na iko karibu na mjini, lakini huko huendi kwa miguu, ni paki ya faru na simba na nyati, unaendesha mpaka pale kwa kampi unashuka unaangalia. Na ni maji ya msimu, mwezi wa pili unaweza kupata mwamba mkavu na nyani. Ichukue kama kituo cha mwisho cha safari ya wanyama, si kama matembezi. Bila gari sahau.

Nabuyole pale Webuye, mto Nzoia. Hii ukiwa umetoka Buyangu mapema unaweza kuunganisha siku hiyohiyo kwa sababu ni barabara hiyohiyo ya kwenda mbele. Si ndefu lakini ni pana na ni maji mengi kweli, ya rangi ya chai ya maziwa, yana nguvu, hiyo ndio Nzoia ileile inayosumbua watu wa Budalang'i ikifika chini. Wakati wa mkoloni mji wote wa Webuye uliitwa Broderick Falls kwa sababu yake. Iko wazi tu, hakuna msitu, hakuna korongo la kutisha, watu wanafua, watoto wanacheza. Mawe ya kando yanateleza na maji hayo hayabembelezi mtu, kwa hivyo picha ya kusimama kwa ukingo wachia wengine.

Odino, kule Nyakach kwa mto Sondu Miriu, mtu wa Kisumu atakwambia ndio ya karibu zaidi. Ni kweli. Lakini maji ya huo mto huchukuliwa juu yakapitishwa kwa handaki refu mpaka kwa mitambo ya umeme ya kampuni ya KenGen ya megawati 60, halafu yakitoka hapo yanazungusha mingine ya Sang'oro, kwa hivyo kile kinabaki kupita kwa mawe ya Odino kinategemea mvua. Baada ya mvua kubwa, sawa. Kiangazi, utaangalia mawe.

Sasa uende gani

Kama uko Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega yenyewe, sioni sababu ya kujadili, ni Isiukhu. Nauli ni ndogo, unarudi siku hiyo, na ndio inakaribia zaidi ile picha ya njia ya kijani yenye maji mwishoni, ilimradi uende ukijua maji ni madogo. Mtoto wa miaka saba anayetembea anaweza. Mzee anaweza akiwa na fimbo na mkienda mwendo wake. Wapenzi, hasa hii, kimya kipo. Kikundi cha watu arobaini wa kanisa na spika, tafadhali msiende huko, wanyama hawajawakosea.

Kama uko Nakuru, Gilgil, Nyandarua, Naivasha, nenda Nyahururu, lakini nenda siku ya wiki ama Jumamosi mapema, fika saa tatu, shuka chini moja kwa moja kabla hata hujanunua chai, kwa sababu saa hizo ngazi ziko tupu na jua linaingia korongoni kutoka upande wa kulia... sawa, upande sikumbuki, lakini linaingia, na kwa ukungu unapata upinde wa mvua. Saa tano mabasi yakianza kufika wewe ndio unapanda. Ukiwa na kikundi kikubwa pia hapa ndio pa kwenda, kuna vyoo, kuna chakula, kuna mahali wasiotaka kutembea wanaweza kukaa na wakawa wamefurahi.

Hell's Gate iache kwa siku ambayo unataka jasho. Ni siku nzuri sana, mimi naipenda, lakini si jibu la swali hili. Na ukienda, enda msimu mkavu, Januari au Februari, hata kama huo msimu ni mbaya kwa zile zingine zote. Hapo ndio unaona zinabadilishana: mvua inayotengeneza Isiukhu na Nyahururu ndio inaharibu Ol Njorowa. Ukiwa na wikendi mbili kwa mwaka za hii kazi, moja ya Januari peleka Naivasha, moja ya Juni peleka kwa maji.

Mtu wa Nakuru anayetaka Isiukhu, lala. Usijaribu kwenda na kurudi, utakuwa umeona barabara tu. Pale Buyangu kuna vibanda vya KWS vya kulala vinaitwa Udo's, ni vya kawaida, beba chakula chako na tochi, na upande wa Isecheno kuna Rondo ambayo ni ya mfuko mzito, bustani na nyumba za mbao za zamani. Ukilala unapata zawadi ambayo mtu wa siku moja haipati, msitu wa saa kumi na mbili asubuhi, ndege wote wanapiga kelele kwa pamoja. Na mchana unaweza kupanda kilima cha Buyangu, ama uende kusini kilima cha Lirhanda ambako kuna handaki la wachimba dhahabu wa ile miaka ya 1930 Kakamega ilipojaa watu wa kutafuta utajiri, sai limejaa popo.

Viatu. Raba nyeupe za mjini ziache, si kwa sababu zitachafuka, ni kwa sababu soli yake ni laini kama sabuni kwa mawe ya Nyahururu. Kiatu chochote chenye meno kinatosha, hata zile gambuti za shambani kwa Kakamega ni bora kuliko buti ya elfu kumi na tano, watu wa hapo ndio wanavaa na wanajua. Suruali ndefu na soksi ndefu Kakamega kwa sababu kuna siafu, na siafu hawaulizi umetoka wapi, wanapanda tu mpaka wafike juu ndio waume wote kwa pamoja. Ukiona mstari mweusi njiani ruka, usisimame kupiga picha. Mfuko wa simu usiopitisha maji (si ule wa plastiki wa duka uliopigwa marufuku). Maji ya kunywa, ndizi, chapati mbili za jana. Koti la mvua Kakamega, sweta Nyahururu, kofia na krimu ya jua Naivasha.

Kuogelea: mimi nasema hapana kwa zote. Nyahururu ni wazi, maji ya mita 74 yakikugonga si kuoga huko. Isiukhu inavutia zaidi kwa sababu inaonekana ya upole, lakini mto wa msitu ukipanda unapanda bila kukwambia, mvua imenyesha huko juu Nandi wewe hapa unanawa uso. Lowesha miguu kando, muulize mwongozaji wako kwanza, inatosha.

Na kama una gari dogo, ile kipande ya kutoka lami mpaka geti la Buyangu mvua ikiwa imenyesha usiku muulize mtu wa boda pale steji kabla uingie. Yeye ndio amepita hapo asubuhi.